Mtama na Mchwa: Chakula Kilivyoandika Historia ya Ndege wa Kizimba

Hapa Makobola mtoto anayelinda mpunga anawajua ndege wadogo kama wezi tu. Anawarushia mawe toka asubuhi mpaka jioni. Lakini ndugu za hao ndege walinunuliwa Ulaya miaka mingi, wakae kwenye vizimba wapendeze macho. Historia yao iko na swali moja la kiagronomia ndani yake: kifaranga anakula nini?

Tuanze na chiriku wa visiwa vya Kanari. Wahispania waliteka visiwa hivyo karne ya 15, na ndege akafika Ulaya. Wafugaji walimpa mbegu pamoja na yai la kuchemsha, naye akalea watoto vizuri ndani ya kizimba. Basi, haja ya kurudi kisiwani kumtega ikaisha.

Kuna pia yule mdogo wa Australia, mwenye mistari kama punda milia. Yeye analea watoto kwa mbegu tu. Mwaka 1960 Australia ilipokataza kuuza ndege wake nje, wafugaji hawakushtuka. Walikuwa nao tayari, wanazaana.

Wa kwetu Afrika ni habari ingine. Chukua yule wa bluu wa Tanzania, ambaye dume ana mashavu mekundu. Mkubwa anakula mbegu za majani, lakini kifaranga anataka wadudu laini kama mchwa. Ukiwapa wazazi mtama na ulezi peke yake, watoto wanakufa. Na mchwa Ulaya, wakati wa baridi, utamtoa wapi? Ikawa rahisi kununua wengine waliotegwa. Senegal na Tanzania ziliuza wengi sana, na wengi walikufa njiani.

Halafu milango ikafungwa. Oktoba 2005 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingiza ndege wa pori juu ya mafua ya ndege, na Julai 2007 ikawa marufuku ya kudumu. Mwaka 2016 Tanzania yenyewe ikasimamisha kuuza nje wanyamapori hai. Mtegaji akabaki na wavu mkononi. Mfugaji aliyejifunza kulisha vifaranga wadudu, yeye aliendelea.

Mchwa tunao bure kila mvua ikinyesha. Tuliuza ndege, ujuzi wa kumlea hatukuuza. Kesho mtu akija kununua kitu kibichi kwetu, tumuulize kwanza: ni nini anashindwa kuzalisha kwake?