Maji na Petroli Safarini: Habari za Tela ya Nyika na Vyombo Vyake

Kila mwalimu aliyepita nyika kwa miguu wakati wa kiangazi ajua neno hili: safari haikomi kwa sababu ya miguu tu, hukoma pia kwa sababu ya kibuyu. Kibuyu kikivuja, nguvu za miguu hazifai kitu. Katika habari hizi twataka kuwaonyesha wasomaji wetu ya kuwa neno hilo ni kweli hata kwa watu wa magari. Siku hizi fundi mwenye akili aweza kuunda tela ndogo nyuma ya nyumba yake, akaitia maji, petroli na hema, akaivuta mpaka mahali pasipo na barabara. Lakini maarifa ya tela hiyo yalinunuliwa kwa hasara za watu wengi waliotangulia.

Tuanze na pwani yetu wenyewe. Mwaka wa 1876 Roger Price wa London Missionary Society alitoka Saadani mpaka Mpwapwa kutazama kama magari ya kuvutwa na maksai yaweza kupita huko, kama yalivyokuwa yakipita Afrika ya Kusini. Akaona yaweza. Mwaka wa 1877 Alexander Mackay wa Church Missionary Society akasimamia kazi ya kufyeka njia hiyo, urefu wake maili 230 hivi. Na mwaka huo huo magari yakaanza safari. Basi maksai wakaanza kufa mmoja mmoja. Watu walikuwa wakimshuku mbung'o, lakini ilikuwa mpaka mwaka wa 1895 ndipo David Bruce alipoonyesha wazi namna anavyowaambukiza wanyama ugonjwa. Magari yakaachwa, na mizigo ikarudi vichwani na mabegani mwa wapagazi, kila mtu frasila mbili hivi. Gurudumu halikuwa na kosa. Kilichokosekana ni uzima wa mvutaji wake.

Hata ilipokuja motokaa, watu walifurahi, maana chuma hakiumwi na mbung'o. Lakini motokaa nayo ina kiu mbili, kiu ya petroli na kiu ya maji, na nyikani havipatikani vyote viwili. Petroli na mafuta ya taa vililetwa kwetu katika debe, chombo cha bati jembamba chenye kuchukua galani nne, yaani lita 18 hivi, madebe mawili katika kasha moja la mbao. Nani asiyelijua debe? Mafuta yakiisha lilitekewa maji, likapimiwa mahindi, likakunjuliwa likaezekea paa. Kwa kazi za nyumbani twalisifu. Kwa safari ya mbali lilikuwa chombo dhaifu, nalo liliwapasa watu kuujua udhaifu wake kwa taabu kubwa.

Taabu hiyo ilionekana zaidi katika jangwa la Misri na Libya. Kati ya mwaka wa 1929 na 1932 ofisa mmoja Mwingereza, Ralph Bagnold, alisafiri huko na rafiki zake kwa motokaa za Ford. Hawakuwa na vifaa vya serikali, walijiundia wenyewe. Kwa kupita mchangani walitumia mifereji ya chuma, wakaiweka chini ya magurudumu gari lilipozama. Tena waliona ya kuwa maji ya rejeta yakichemka hupotea hewani. Basi wakafunga mpira kutoka rejeta mpaka kopo lenye maji kidogo ubavuni mwa gari. Mvuke ulipita katika mpira, ukageuka kuwa maji ndani ya kopo. Na injini ilipopoa, rejeta iliyafyonza maji yake tena. Kwa kopo na mpira tu waliokoa maji ambayo yangekuwa uhai wa watu. Mwaka wa 1940, vita ilipofika Afrika ya Kaskazini, Bagnold aliunda kikosi cha kusafiri mbali jangwani, na maarifa hayo ya nyumbani yakawa maarifa ya jeshi.

Lakini petroli ya jeshi la Uingereza ilikuwa bado katika madebe ya bati jembamba, ndugu wa debe letu. Askari waliyapa jina la dharau lenye maana ya kitu hafifu. Yalipopangwa garini, ya juu yaliyaponda ya chini. Mishono ikafunguka, na petroli ikamwagika njiani. Jenerali Auchinleck, aliyekuwa mkuu wa majeshi hayo katika miaka ya 1941 na 1942, alikadiria ya kuwa sehemu 30 katika kila 100 zilipotea kati ya ghala na gari lenyewe. Na tufikiri mafuta hayo yalivyofika: mabaharia waliyaleta kwa meli, wakihatarisha maisha yao baharini, na karibu theluthi moja ikanywewa na mchanga. Debe tupu lilifaa kwa kupika chai: askari walilikata, wakatia mchanga, wakamwagia petroli, wakawasha.

Wadachi walikuwa na chombo kilicho bora, nacho kilijulikana nje ya nchi yao kwa ajabu. Katika kiangazi cha mwaka wa 1939 Mmarekani mmoja fundi wa mitambo, Paul Pleiss, alikuwa Berlin. Yeye na Mdachi mwenzake waliunda gari lao la kusafiria mpaka Bara Hindi. Lilipokuwa tayari waliona kosa moja: hawakuweka mahali pa maji ya akiba. Yule Mdachi akatwaa madumu matatu ya jeshi katika ghala la uwanja wa ndege wa Tempelhof, wakayafunga garini, wakaenda zao. Walipokwisha kupita mipaka mingi, yule Mdachi aliitwa arudi kwao. Lakini kabla ya kuagana alimweleza mwenzake namna madumu yanavyotengenezwa. Pleiss akafika Calcutta, kisha akarudi kwao akawaeleza wakuu wa jeshi la Marekani, nao hawakujali. Ni baadaye tu, Waingereza walipoyaona madumu ya adui na kuyatamani, ndipo dumu la Pleiss lilipopelekwa London likaigwa. Twaona basi ya kuwa jambo lililoyashinda majeshi lilikuwa limefungwa katika gari la wasafiri wawili, kwa sababu tu walikumbuka maji.

Dumu lile lilikuwa na hekima gani? Lachukua lita 20. Limefanywa kwa vipande viwili tu vya chuma vilivyochomelewa pamoja, wala halina mishono mingi ya kuvuja. Ubavuni lina mikunjo ya kulitia nguvu, nayo huliacha litanuke jua likiwa kali. Lina vishikio vitatu: mtu mmoja aweza kuchukua moja lililojaa, au mawili matupu kwa mkono mmoja, na watu wawili waweza kupokezana upesi. Kifuniko hakipotei, maana kimefungwa hapo hapo. Ndani mna nafasi ya hewa, hata likiwa limejaa petroli huelea majini. La maji lilitiwa alama ya msalaba mweupe, mtu asije akanywa petroli gizani. Askari wa Kiingereza waliliita kwa jina lao la mzaha la Wadachi, ndilo hili jerikani tulilo nalo katika Kiswahili.

Katika vita hiyo hiyo gari la jeep lilipewa tela yake ndogo ya magurudumu mawili, iliyoundwa na American Bantam na Willys. Mipira yake ilikuwa sawa na ya jeep, hata ikafuata nyayo zile zile, na mpira mmoja wa akiba ukafaa kwa yote mawili. Bodi yake haikupitisha maji. Mzigo wake nyikani ulikuwa ratili 500, yaani kilo 227 hivi. Baada ya vita wakulima na wasafiri walizinunua tela hizo, na mafundi wakaziiga.

Walimu wawape wanafunzi hesabu hii. Mtu apakia madumu matano ya maji, ndiyo kilo 100. Na matatu ya petroli, ndiyo kilo 45, maana petroli ni nyepesi kuliko maji. Chuma cha madumu manane chazidi kilo 30. Basi kwa hema, chakula na vyombo vya kazi zimebaki kama kilo 50 tu. Kwa hiyo fundi huweka maji chini na karibu na ekseli, ili tela isipinduke; huacha kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote iegemee ndoano ya gari, ili isiyumbe; akiweka tangi kubwa, hutia vibao ndani, maji yasirukeruke; na petroli huitenga mbali na maji, mbali zaidi na jiko.

Neno la mwisho ni la utunzaji. Mwaka wa 1944 majeshi yalipovuka Ufaransa mbio, askari waliyatupa madumu kando ya njia, hata petroli ikakosa vyombo vya kuipeleka mbele. Ndipo watoto wa shule wa Kifaransa walipoombwa wayatafute, wakaahidiwa zawadi, na kama madumu milioni moja yakarudishwa. Chombo kilichotafutwa kwa shida kilikuwa kimetupwa kwa wepesi, na waliookota ni watoto. Basi, ewe msomaji, leo dumu la plastiki limesimama katika pembe ya kila nyumba. Kabla ya safari litazame kifuniko chake na shina lake, kisha ulijaze.