Jua Tunalolingojea na Jua Tusilolipima: Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 1 Septemba 2016, umati mkubwa ulikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia kupatwa kwa jua kipete karibu na saa sita mchana. Dakika ya tukio ilijulikana miaka mingi kabla, maana mwendo wa mwezi hukokotolewa. Tarehe hiyohiyo mwaka 1859, Richard Carrington wa Uingereza aliona mwanga mkali ukiwaka katikati ya madoa ya jua, na chini ya saa 18 baadaye dhoruba ya sumaku ikavuruga telegrafu za Ulaya na Amerika. Rujewa ilishuhudia jua la kalenda. Jua la Carrington, linalolipuka bila miadi, bado halijapewa nafasi linayostahili Mbeya na Iringa, na sababu inayotolewa kwa kawaida haitoshi.

Husemwa kwamba dhoruba za jua ni tatizo la nchi za karibu na ncha za dunia, na mfano unaotajwa ni Quebec, Kanada, ambako Machi 1989 watu milioni 6 walikosa umeme kwa takriban saa 9. Kuhusu mikondo inayoingia kwenye nyaya za umeme hoja hiyo ina uzito, ingawa baada ya dhoruba za mwishoni mwa 2003 transfoma kadhaa za Afrika Kusini ziliharibika, mbali kabisa na ncha. Lakini mlipuko wenyewe hufuata kanuni nyingine. Eksirei zake hufika duniani kwa dakika 8 na kuongeza chembe za umeme katika tabaka la chini la ayonosfia, nalo hufyonza mawimbi mafupi ya redio. Athari huwa kali zaidi pale jua lilipo utosini, na jua hupita juu ya Mbeya na Iringa katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Tarehe 6 Septemba 2017 milipuko miwili ya daraja la juu kabisa, yaani X, ilifikia kilele saa 6:10 mchana na saa 9:02 alasiri kwa saa zetu. Wa pili ulikuwa mkubwa kuliko yote ya mzunguko wa shughuli za jua wa wakati ule. Anga ya Afrika yote ilikuwa mchana.

Zaidi ya hapo, ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, na yapata nyuzi 15 kila upande wake chembe za umeme hurundikana angani kuanzia mchana hadi usiku. Nyanda zetu ziko pembezoni mwa rundo la kusini, mahali ambapo vipimo vya GPS vya wapima ardhi huweza kupotoka.

Wapo watakaouliza kwa nini tusisome tu utabiri wa Marekani, au wa Hermanus, Afrika Kusini, ambako kituo cha saa 24 kilizinduliwa 2022. Tuusome, ndiyo. Lakini utabiri wa dunia hausemi nini kimetokea juu ya Mafinga, mkoani Iringa. Mei 2024 dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003 ilipiga tarehe 10 na 11. Tarehe 12 intaneti ikakatika nchini kwa hitilafu ya nyaya za baharini. Bila vipimo vya hapahapa, matukio mawili ya namna hiyo ni rahisi kuchanganywa. Addis Ababa inapima sumaku ya dunia tangu 1958. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au chuo cha Mkwawa kule Iringa, kipewe kipima sumaku na kipokezi cha GPS cha utafiti, na takwimu zake zifike Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku.