Keshia wa Benki Aliyeimba kwa Lugha Saba: Nicolai Gedda, 1925–2017

Mwaka 1952 Walter Legge, mtayarishaji wa santuri wa kampuni ya EMI jijini London, alikuwa akisaka tenori wa kuimba Kirusi. Tenori ndiye mwanamume wa sauti ya juu, yule ambaye wanakwaya wetu humwita mwimba sauti ya tatu. EMI ilikuwa inajiandaa kurekodi Paris opera ya Mussorgsky, Boris Godunov. Mwimbaji wa besi, Mbulgaria Boris Christoff, alishapatikana, tena angeimba wahusika watatu peke yake. Aliyekosekana ni wa kuimba Dmitri, mdai kiti cha ufalme, ambaye sharti awe na sauti ya ujana na Kirusi kisichokwama mdomoni. Katika Ulaya Magharibi ya miaka ile, mtu wa namna hiyo hakuonekana.

Legge alimpata Stockholm. Kijana wa miaka 26, mrefu, mwenye haya, alisimama mbele yake akaimba ule wimbo wa ua anaouimba Don José katika Carmen. Noti ya juu karibu na mwisho aliitoa kwa nguvu, kama walivyokuwa wakifanya matenori wote. Legge, karibu kama mtu anayeomba radhi, akamtaka ajaribu kuiimba alivyoiandika Bizet, yaani taratibu na kwa sauti inayofifia. Kijana akairudia hivyohivyo bila kuhangaika. Hapo Legge akajua kwamba safari yake haikupotea.

Jina la kijana lilikuwa Nicolai Gedda. Siku chache kabla, tarehe 8 Aprili 1952, alikuwa amepanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika Opera ya Kifalme ya Sweden, akiwa Chapelou katika opera ya Adolphe Adam, Le postillon de Lonjumeau. Kisa chenyewe kinachekesha ukikifikiria: Chapelou ni mwendesha farasi wa kijijini anayesikika akiimba na mkuu wa opera aliyetoka Paris kutafuta tenori, akachukuliwa usiku wa harusi yake. Wimbo wake mkuu unapanda hadi re iliyo juu ya ile do ambayo matenori wengi huifikia kwa jasho. Gedda aliifikia kama anayepanda ngazi za nyumbani kwake.

Mpaka hapo alikuwa keshia wa benki. Alizaliwa Stockholm tarehe 11 Julai 1925, mama Mswidi wa miaka 17 na baba mwenye damu ya Kirusi asiye na kazi, nao hawakuweza kumlea. Shangazi yake, Olga Gädda, akamchukua. Olga aliishi na Mikhail Ustinov, Mrusi aliyeimba besi katika kwaya maarufu ya Wakosaki wa Don iliyoongozwa na Serge Jaroff. Mwaka 1929 Ustinov alipata kazi ya kuongoza uimbaji katika kanisa la Kiorthodoksi la Warusi mjini Leipzig, familia ikahamia Ujerumani. Mtoto akakua na Kirusi na Kiswidi nyumbani, Kijerumani shuleni na mtaani, na Kislavoni cha ibada kanisani. Ustinov alikuwa mwalimu mkali. Alimfundisha kusoma noti na kupiga piano tangu mdogo, na kanisani humo mtoto alizoea kushika sauti yake bila ala, maana ibada ya Kiorthodoksi haitumii kinanda. Walirudi Sweden mwaka 1934, Hitler akiwa ameshashika madaraka.

Mimi nadhani hapo ndipo kazi yake yote ilipofinyangwa, kabla ya mwalimu yeyote wa opera kumgusa. Kifaransa, Kiitalia, Kiingereza na Kihispania vilikuja kuongezeka baadaye juu ya sikio lililokwisha kuzoea kwamba kila lugha ina mahali pake pa kuweka ulimi. Koo lenyewe lilinolewa na Carl Martin Öhman, aliyekuwa tenori wa kuimba Wagner katika miaka ya 1920. Ni mteja wa benki aliyempa jina la Öhman, baada ya keshia kumwambia kwamba anatafuta mwalimu wa sauti.

Ili kuelewa kwa nini mtu wa aina hii alihitajika mno, yafaa kukumbuka opera ilivyokuwa ikiimbwa zamani zile. Kila mji uliimba kwa lugha ya watazamaji wake. Berlin ilimwimba Verdi kwa Kijerumani. Maria Callas aliimba Isolde na Kundry wa Wagner kwa Kiitalia, na hakuna Mwitalia aliyeshangaa. Hata msimu wa mwaka 1957 wa Metropolitan Opera ya New York ulifunguliwa kwa Eugene Onegin ya Tchaikovsky katika tafsiri ya Kiingereza. Mwimbaji angeweza kumaliza maisha yake yote ya kazi ndani ya lugha moja na akaitwa bingwa.

Santuri ndefu, yaani LP, ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Ilitoka Marekani mwaka 1948, na EMI ikaanza kuitoa Uingereza mwaka 1952, mwaka uleule Legge alipokwenda Stockholm. Opera nzima sasa ilienea kwenye santuri chache, ikauzwa Tokyo, Buenos Aires na Johannesburg kwa pamoja. Mnunuzi wa Tokyo hakuwa na haja ya tafsiri ya Kijerumani ya kazi ya Kifaransa. Alitaka kazi ilivyotungwa. Kampuni zikahitaji waimbaji wanaoweza kuingia studio wiki hii kwa Kifaransa, wiki ijayo kwa Kijerumani, bila kuaibika. Gedda alikuwa tayari. Kufikia uzeeni alikuwa na rekodi zinazokadiriwa kuwa 200, na wengi humtaja kuwa tenori wa opera aliyerekodi kuliko wote.

Mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1953 alikuwa La Scala ya Milano akiimba Don Ottavio wa Mozart chini ya kondakta Herbert von Karajan, na mwaka huohuo London akirekodi opereta za Lehár pamoja na Elisabeth Schwarzkopf. Mwaka 1954 Paris ilimsikia katika Oberon ya Weber. Mwaka 1955 alikuwa Pinkerton wa Callas katika Madama Butterfly, na mwaka 1964 akawa Don José wake. New York ilimpokea tarehe 1 Novemba 1957 katika Faust ya Gounod, na miezi miwili na nusu baadaye, Januari 1958, akawa Anatol wa kwanza kabisa katika Vanessa ya Mmarekani Samuel Barber. Isikilize rekodi ya Vanessa ya mwaka huo: Mswidi huyu hatamki Kiingereza kama mgeni aliyekariri. Aliimba Metropolitan hadi mwaka 1983.

Kuna walioimba kwa nguvu kuliko yeye. Katika Puccini na Verdi, pale ambapo okestra inafurika na tenori anatakiwa aipasue, Gedda husikika kama mtu mwenye adabu mno kwa ugomvi uliopo. Pinkerton wake ni mzuri, lakini matenori Björling na Corelli walikuwa na moto ambao yeye hakuwa nao, na sioni sababu ya kumtetea kwa hilo. Uwezo wake ulikuwa kwingine, hasa katika opera za Kifaransa. Waimbaji wa Ufaransa wa karne ya 19 walikuwa na namna ya kuchanganya sauti ya kifua na ya kichwa, hata noti ya juu ikatoka laini bila kugeuka ya kitoto. Kufikia miaka ya 1950 ufundi huo ulikuwa unakufa hata Ufaransa kwenyewe, matenori wakipendelea kupiga ukelele wa Kiitalia. Gedda aliushika. Ndiyo maana Nadir wake katika Les pêcheurs de perles ya Bizet bado anatumiwa kupimia wengine, na ndiyo maana mwaka 1973, katika rekodi ya I puritani ya Bellini pamoja na Beverly Sills, aliweza kufika hata fa iliyo juu ya do ya matenori, noti ambayo wengi huikwepa kimyakimya.

Jambo jingine lililomlinda ni kujua kukataa. Mwaka 1966 aliimba Lohengrin ya Wagner mjini Stockholm. Wengi walifurahi, na mlango wa Bayreuth, tamasha la opera za Wagner, ukawa wazi mbele yake. Hakuingia. Wagner angemletea heshima na fedha, lakini angemla koo, na Lohengrin wa Stockholm akabaki kuwa jukumu lake pekee la Wagner jukwaani. Watu husifu wingi wa alivyoimba. Mimi naona wingi huo ulisimama juu ya hiyo “hapana” moja. Matenori kadhaa wa rika lake waliochukua kila walichopewa walikuwa wamechoka kabla ya miaka 50, naye akiwa na umri huo alikuwa bado anaimba Mozart.

Mwaka 1977 alitoa kumbukumbu zake kwa Kiswidi, zenye jina linalomaanisha kwamba kipaji hakipatikani bure. Mnamo 2001, akikaribia miaka 76, aliingia studio kumwimba mfalme mzee Altoum katika Turandot iliyorekodiwa kwa Kiingereza, utaratibu uleule wa tafsiri ambao yeye na santuri zake walikuwa wamechangia kuusukuma pembeni. Alifariki Uswisi tarehe 8 Januari 2017.

Kwa anayetaka kumsikia sasa, ningemshauri aiache Butterfly kwanza, pamoja na umaarufu wake. Aanze na Benvenuto Cellini ya Berlioz, iliyorekodiwa na Colin Davis mwaka 1972, ambapo Kifaransa, noti za juu na ucheshi vinakutana katika mtu mmoja. Kisha atafute nyimbo za Kirusi za Rachmaninov na Tchaikovsky alizoimba kwa piano tu. Hapo atamsikia mwanafunzi wa Ustinov.