Radoni: Historia ya Jina na Tatizo la Kulifasiri

Mfasiri anayepewa kijitabu cha afya kinachoeleza namna ya kupima radoni ndani ya nyumba na namna ya kuipunguza hudhani kwamba kazi yake ni nyepesi. Jina lenyewe limekwisha pata umbo la Kiswahili, na maneno yanayobaki, yaani gesi, hewa, kupima, kupunguza na kiwango, ni ya kila siku. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba taabu imo katika maneno hayo ya kila siku kuliko katika lile neno geni. Ili jambo hilo lieleweke, hapana budi kwanza tufuate historia ya kitu chenyewe na majina ambayo kimepata kupewa. Kisha tutayaweka maneno yetu mbele ya msomaji mmoja maalumu: mwenye nyumba wa kata ya Ramadhani mjini Njombe, au wa mji jirani wa Makambako, ambaye atakisoma kijitabu hicho na kutenda kama kinavyomwambia.

Maradhi yaliyotangulia jina

Madhara ya gesi hii yalionekana kabla ya gesi yenyewe kujulikana. Kitabu cha Kilatini cha Georgius Agricola juu ya uchimbaji wa madini, kilichochapishwa mwaka 1556, kinaeleza maradhi ya mapafu yaliyowamaliza wachimbaji wa Ulaya ya kati, na kinataja kwamba katika milima ya Karpati walikuwako wanawake waliopata kuolewa na waume saba, wote wakafa kwa maradhi hayo. Vumbi la mawe lina sehemu yake katika habari hizo. Lakini huko Schneeberg, katika nchi ya Ujerumani, wachimbaji waliendelea kufa kwa namna ya peke yake, na wenyeji wakayaita maradhi hayo maradhi ya mlima. Mwaka 1879 matabibu wawili, Härting na Hesse, walieleza kwamba yalikuwa ni uvimbe mbaya wa mapafu, ambao leo tunauita saratani. Chanzo chake kilikuwa bado hakijajulikana. Jina la maradhi ya mlima lilitaja mahali tu. Halikumwambia mchimbaji ajikinge na nini.

Majina ya kitu kimoja

Mwaka 1899 Ernest Rutherford na mwenzake Robert Owens, wakifanya kazi Montreal nchini Kanada, waligundua kwamba thoriamu hutoa kitu kama hewa chenye unururifu. Mwaka uliofuata Friedrich Ernst Dorn wa Halle, Ujerumani, akaona kwamba radiamu nayo hutoa kitu cha namna hiyo. Wataalamu walikiita emanesheni, neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kutiririka na kutoka. Kwa Kiswahili tungeweza kusema mtoko. Kukawa na mtoko wa radiamu, mtoko wa thoriamu na mtoko wa aktiniamu, kila mmoja ukiitwa kwa jina la mzazi wake.

Mwaka 1910 William Ramsay na Robert Whytlaw-Gray wa London walifaulu kuipima gesi hiyo uzito, ingawa kiasi walichokuwa nacho kilikuwa kidogo mno. Wakapendekeza iitwe nitoni, yaani king'aacho, kwa kuwa hutoa mwanga inapogandishwa. Jina hilo lilikuwa zuri lakini halikudumu. Mwaka 1923 wanakemia wa kimataifa walikubaliana juu ya majina ya radoni, thoroni na aktinoni, na baadaye radoni likawa jina la elementi nzima.

Mfasiri hana budi kuliangalia jina hili kwa makini. Sehemu yake ya kwanza yatoka katika radiamu, nayo radiamu yatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mwonzi. Mwisho wake ni ule wa neoni, agoni na kriptoni, yaani jamaa ya gesi adimu, ambazo ni nadra sana kuungana na kitu kingine. Kwa hiyo neno radoni hubeba habari mbili kwa pamoja: mzazi na ukoo. Tukilibadili tukasema hewa ya mionzi, tutakuwa tumepoteza zote mbili, na tena msomaji atafikiria mashine ya kupigia picha hospitalini. Radoni na libaki radoni.

Yafaa pia kukumbuka kwamba katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, maji yaliyotiwa gesi hii yaliuzwa Ulaya na Marekani kama dawa ya kuongeza nguvu. Walionunua waliambiwa habari za nuru na uhai. Habari za saratani hawakuambiwa.

Kutoka mgodini hadi sebuleni

Kwa muda mrefu radoni ilihesabiwa kuwa shauri la wachimbaji. Mambo yaligeuka mwaka 1984 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mfanyakazi mmoja wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, Stanley Watras, alikuwa akipita penye mashine ya kugundua unururifu nayo ikapiga kengele. Kituo chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kazi, na ikaonekana kwamba unururifu ule alikuwa anautoa nyumbani kwake. Nyumba ilipochunguzwa ilikutwa na radoni ya takribani bekereli 100,000 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Bekereli moja ni atomi moja kuvunjika katika sekunde moja. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwa huleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na pale ambapo hali ya nchi hairuhusu, kisizidi 300.

Namna inavyofika nyumbani ni hivi. Urani imo kidogo kidogo katika takriban kila udongo na mwamba. Ikivunjika, baada ya hatua kadhaa huzaa radiamu, na radiamu huzaa radoni. Kwa kuwa radoni ni gesi, hupenya katika vinyweleo vya udongo. Nusumaisha yake ni siku 3.8, yaani katika muda huo nusu ya atomi zake huwa zimekwisha vunjika. Muda huo watosha kuifikisha ndani ya nyumba. Humo huzaa poloniamu na vitu vingine vigumu vinavyonasa katika vumbi na katika mapafu. Ndani ya nyumba yenye joto kuliko nje, hewa hupanda na kutokea juu, na nafasi yake huchukuliwa na hewa inayovutwa kutoka chini kupitia nyufa za sakafu.

Nchini Tanzania urani inajulikana kuwapo Mkuju wilayani Namtumbo, na pande za Bahi na Manyoni, na fosfeti ya Minjingu nayo ina kiasi chake. Lakini radoni haingojei mgodi. Kiasi chake hutegemea udongo, sakafu na namna nyumba inavyopitisha hewa, hata nyumba mbili zinazopakana huweza kutofautiana sana. Haijulikani kwa macho wala kwa pua; hujulikana kwa kipimo tu. Katika sheria zetu, kinga ya mionzi ilikabidhiwa Tume ya Taifa ya Mionzi kwa sheria ya mwaka 1983, na sheria ya mwaka 2003 ikaanzisha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Maneno yetu mbele ya msomaji wa Ramadhani

Njombe ni nchi ya juu na ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai madirisha hufungwa mapema, na wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Msomaji wetu anaijua hatari hiyo, kwa maana kila mwaka husikika habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Magazeti huiita sumu hiyo hewa ya ukaa. Wakati huohuo maofisa wa misitu humweleza habari za biashara ya hewa ukaa, ambayo ni gesi nyingine kabisa. Basi neno moja limekwisha beba mizigo miwili. Mfasiri akiongeza wa tatu kwa kuiita radoni hewa chafu au hewa ya sumu, msomaji atatoa jiko nje, atashukuru, na atalala akidhani amekwisha tenda linalotakiwa. Jiko lina mlango wa kutokea; ardhi iliyo chini ya sakafu haina.

Neno gesi nalo lina mtego wake. Siku hizi gesi nyumbani ni ile ya mtungi wa kupikia, ambayo hutiwa harufu makusudi ili ikivuja ijulikane. Mtu akiambiwa nyumba yake ina gesi atanusa, na asiposikia harufu ataridhika. Kwa hiyo neno gesi lisisimame peke yake. Isemwe gesi itokayo ardhini, na kutokuwa na harufu kutajwe katika sentensi ileile.

Tazama sasa kitenzi kupima. Nyumba iliyopimwa, kwa msomaji wa Makambako, ni iliyopitiwa na wapima ardhi, yenye kiwanja chenye namba. Na mtu aliyepima, bila kutaja kitu, ni aliyepima virusi vya ukimwi. Katika mkoa ambao utafiti wa mwaka 2016–17 uliuonyesha kuwa wa kwanza nchini, kwa asilimia 11.4 ya watu wazima, neno hilo si jepesi. Haifai, basi, kuandika “pima nyumba yako”, wala “je, umepima?” Kitu kinachopimwa kitajwe kila mara: kupima radoni ndani ya nyumba.

Hali kadhalika, tangazo la serikali hupenda kutokomeza na kuangamiza. Radoni haitokomezwi, kwani hata hewa ya nje inayo kidogo. Kitenzi sahihi ni kupunguza. Tena ile bekereli 100 ni kiwango rejea, yaani alama ya kuanza kuchukua hatua. Anayeifasiri kuwa kiwango salama anamwambia mwenye bekereli 90 jambo ambalo sayansi haikusema.

Pendekezo

Tunapendekeza maneno ya kijitabu yawe ya namna hii:

Radoni ni gesi itokayo ardhini, nayo haionekani wala hainuki. Haitoki katika mtungi wala katika jiko. Huingia kupitia nyufa za sakafu, na mtu akiivuta kwa miaka mingi huweza kumletea saratani ya mapafu, hasa akiwa anavuta tumbaku. Ili kujua kiasi chake, kipimo huwekwa katika chumba cha chini kinachokaliwa, mbali na dirisha na jiko. Kipimo cha mkebe wa mkaa uliotayarishwa maalumu hukaa siku chache. Cha kipande cha plastiki hukaa miezi mitatu au zaidi. Kiasi kikizidi kiwango rejea, ziba nyufa, ruhusu hewa ipite, na ikiwa haitoshi, fundi atoboe sakafu na kupitisha bomba lenye feni la kuivuta gesi kutoka chini na kuitoa juu ya paa. Kufungua madirisha husaidia kwa muda yanapokuwa wazi tu. Anayejenga upya atandaze karatasi ya nailoni chini ya zege kabla ya kulimwaga.

Msomaji ataona kwamba katika aya hiyo mkaa umetajwa kama chombo cha kunasa radoni. Mkaa uleule uuao usiku, ukitayarishwa, hupima. Mwalimu atakayeisoma aya hii darasani huko Ramadhani na aanze hapo, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi watakapouliza.