Hima Katika Sheria na Ardhi ya Kilosa na Mikumi

Tukitazama historia ya Kilosa, tunaona ardhi huru ikipungua hatua kwa hatua. Wakoloni waliitwaa kwa mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mkulima na mfugaji wakabaki kugombea mabonde na maji. Desemba 2000, ndani ya Ramadhani 1421 Hijria, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni.

Je, sheria yetu yasemaje? Mtume (s.a.w.) alibatilisha hima, yaani malisho waliyojitengea wakubwa wa Jahiliya, akaibakisha kwa maslahi ya umma. Sayyidna Umar (r.a.) alimwamuru Hunayy, msimamizi wa hima, amruhusu mwenye mifugo michache aingie, kwani ikifa, huyo atakuja na watoto wake kuomba msaada. Hivyo kuhifadhi kunajuzu, kumdhuru mnyonge hakujuzu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi. Basi maimamu tuwahimize waumini wahudhurie, wakulima kwa wafugaji, kabla ugomvi haujafika kwenye damu.

Wallahu a'lam.