Kitufe cha Kuzima: Magari ya Kasi na Kompyuta Inayoshika Breki

Karibu na usukani wa magari mengi ya leo kuna kitufe kidogo chenye picha ya gari lililoacha michirizi miwili iliyopinda nyuma yake. Madereva wengi hawajawahi kukigusa. Lakini kwa wapenzi wa magari ya kasi kitufe hicho ni chanzo cha ubishi usiokwisha, na ubishi huo umefika hadi kwenye vikao vya klabu yetu: je, dereva hodari hukizima au hukiacha? Sisi wawili tulioandika makala hii hatukubaliani, kwa hiyo tuliamua kufuata historia yake. Tulidhani tutakuta wahandisi waliotaka kuwanyima madereva raha. Badala yake tulikuta vifo, gari dogo lililopinduka mbele ya waandishi wa habari, na mtengenezaji mmoja Mwingereza aliyekataa katakata.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana Kiswahili hakijapewa nafasi kubwa ya kuzungumzia jambo hili. Neno "usukani" lenyewe lilitoka baharini; lilikuwa la jahazi kabla ya kuwa la gari. Na kama nahodha ajuavyo, kugeuza usukani ni kuomba tu, chombo kinaweza kukataa. Gari hukataa kwa namna mbili. Magurudumu ya mbele yakipoteza mshiko, gari huendelea kwenda mbele kana kwamba usukani haukuguswa. Tutaiita hali hiyo kusukuma pua. Yakiteleza ya nyuma, sehemu ya nyuma hutoka nje ya kona na gari huanza kuzunguka kama pia. Hiyo tutaiita kutupa mkia. Kusukuma pua dereva hukuhisi mapema, na mara nyingi akipunguza mwendo gari hurudi njiani. Kutupa mkia huja ghafla, na tiba yake ni kugeuza usukani upesi kuelekea upande ule ule mkia unakokwenda, jambo ambalo mtu aliyeshtuka halifanyi ila amelizoea.

Mfano maarufu wa gari la kutupa mkia ni Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975. Injini yake ya lita 3.0 ilitoa nguvu farasi 260, na ilikaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Dereva alipokanyaga mafuta, kwanza hakuona kitu, kwa sababu turbo ilihitaji muda kujaza hewa. Kisha nguvu yote ilifika kwa pamoja, mara nyingi akiwa katikati ya kona. Akiogopa na kuondoa mguu, uzito ulihamia mbele, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, na mkia ukatoka. Gari hilo lilipewa jina la utani la "mtengeneza wajane". Wapo wanaolitamka jina hilo kwa fahari hadi leo. Sisi hatuoni fahari yake.

Msaada ulikuja vipande vipande. Mwaka 1971 kampuni ya Buick ya Marekani ilianza kuuza mfumo ulioitwa MaxTrac, ambao ulipunguza nguvu ya injini magurudumu ya nyuma yalipozunguka bure. Mwaka 1978 Mercedes-Benz na Bosch walileta breki za ABS za kielektroniki kwenye S-Class, ili gurudumu lisikwame na kuteleza dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Katikati ya miaka ya 1980 vifaa hivyo hivyo vilianza kutumiwa kwa kazi ya upande wa pili: kuzuia gurudumu lisizunguke bure wakati wa kuongeza mwendo. Huo ndio udhibiti wa mshiko. Lakini mifumo yote hiyo ilijua kasi ya magurudumu tu. Haikujua kama gari linaelekea kule dereva anakotaka.

Hatua iliyobaki ilianzia mtaroni. Mwaka 1989 mhandisi kijana wa Mercedes, Frank Werner-Mohn, alikuwa akijaribu gari kwenye barafu kaskazini mwa Sweden. Gari likamtoka, likaishia mtaroni. Akiwa anasubiri kuvutwa, alijiuliza: kama kompyuta inaweza kushika na kuachia breki ya kila gurudumu, kwa nini isiambiwe pia gari linazunguka kwa kasi gani? Ili kujaribu wazo hilo ilihitajika jairoskopu, na ya kwanza ilitolewa kwenye helikopta ya kuchezea. Wakati huo huo huko Bosch, timu ya Mholanzi Anton van Zanten ilikuwa ikilifanyia kazi tatizo lile lile, na kampuni hizo mbili zikaunganisha nguvu. Mwaka 1995 matunda yake, ESP, yaliingia sokoni kwenye Mercedes S 600 Coupé. Van Zanten alitunukiwa tuzo ya Mvumbuzi wa Ulaya kwa kazi ya maisha yake mwaka 2016.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza kuliko kutengeneza. Kitambuzi kimoja husoma usukani umegeuzwa kiasi gani. Hiyo ndiyo nia ya dereva. Vingine hupima kasi ya kila gurudumu, msukumo wa pembeni, na gari linavyojizungusha; hayo ndiyo matendo ya gari. Kompyuta hulinganisha nia na matendo mara 25 kwa sekunde. Gari likianza kutupa mkia, hushika breki ya gurudumu la mbele lililo upande wa nje wa kona, na gari hujinyoosha. Likisukuma pua, hushika breki ya gurudumu la nyuma la upande wa ndani, na pua huvutwa kuingia konani. Ikihitajika, hupunguza na nguvu ya injini. Zingatia jambo hili: hakuna binadamu anayeweza kuifanya kazi hiyo, hata bingwa wa dunia, kwa sababu ana pedeli moja tu ya breki kwa magurudumu manne.

Huenda ESP ingebaki anasa ya matajiri kwa miaka mingi kama si gari dogo la Mercedes lenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1997, jarida la Sweden Teknikens Värld liliifanyia A-Class mpya jaribio la kukwepa ghafla: dereva anageuza kushoto kisha kulia kwa haraka, kama vile mnyama amejitokeza barabarani. Mnyama anayekusudiwa ni älg, wa jamii ya kulungu lakini mkubwa kuliko ng'ombe, ambaye huua madereva huko Skandinavia. A-Class ikapinduka. Baada ya kusitasita, kampuni ilisimamisha mauzo, ikabadilisha mfumo wa springi, na ikaamua kila A-Class iwe na ESP bila malipo ya ziada. Ghafla kifaa cha gari la kifahari kilihitajika kwa idadi kubwa, na bei yake ikaanza kushuka.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya gari la kasi. Audi TT iliyotoka mwaka 1998 ilisifiwa kwa umbo lake la mviringo, lakini katika mwendo mkubwa wa barabara kuu za Ujerumani umbo hilo lilifanya sehemu ya nyuma iwe nyepesi. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta au akibadilisha njia ghafla, mkia ulitoka. Watu walikufa. Audi iliyaita magari hayo kiwandani, ikayafungia spoila nyuma, ikarekebisha springi na kuongeza ESP. Kuna wapenzi wa umbo lile waliosikitika kwamba spoila imeliharibu.

Sasa tufike kwa yule Mwingereza. Peter Wheeler alinunua kampuni ya TVR ya Blackpool mwaka 1981, na magari yake ya miaka ya 1990 na 2000 hayakuwa na ABS, wala mifuko ya hewa, wala udhibiti wa mshiko. Hakuwa amesahau. Hoja yake ilikuwa kwamba vifaa hivyo humfanya dereva ajiamini kupita uwezo wake, na kwamba anayejua hakuna wa kumwokoa huendesha kwa adabu. TVR Sagaris ilikuwa na nguvu farasi zipatazo 400 kwenye gari lenye uzito wa kilo zaidi kidogo ya 1,000. Kwenye mvua ya Lancashire, ukilikanyaga ovyo, lilikuhukumu papo hapo.

Hapa ndipo sisi wawili tunapoachana. Mmoja wetu anaona hoja ya Wheeler ina uzito: kuna watu wengi wanaokwenda mbio kwa kuwa wanajua taa ya njano itawaka na kompyuta itashika. Mwingine anajibu kwamba hofu ni mwalimu mbaya, kwa kuwa mwanafunzi akikosea mara moja hapati somo la pili, na tena aliye upande wa pili wa barabara hakuomba kusomeshwa. Wheeler aliuza kampuni mwaka 2004, na uzalishaji wa Blackpool ulikoma mwaka 2006.

Kwenye mashindano ubishi ulikuwa mwingine kabisa. Huko hakuna aliyesema mifumo hii hupunguza raha ya kona. Malalamiko yalikuwa kwamba inaongeza kasi mno. Mwaka 1992 Nigel Mansell alishinda mbio 9 kati ya 16 za Formula One akiwa na Williams FW14B, gari lililojaa elektroniki, ukiwemo udhibiti wa mshiko. Kuanzia msimu wa 1994 ulipigwa marufuku. Lakini programu iliyofichwa ndani ya kompyuta haikaguliki kama bawa, na shutuma za wizi hazikuisha. Mwaka 2001 wasimamizi walisalimu amri na kuuruhusu tena, hadi mwaka 2008 walipozilazimisha timu zote kutumia kompyuta ya aina moja.

Tukio tunalolipenda zaidi ni la mwaka 1997. Mpiga picha Darren Heath aliona diski za breki za nyuma za McLaren ziking'aa kwa moto mahali ambapo gari lilikuwa likiongeza mwendo, si kupunguza. Akasubiri hadi gari moja lilipoharibika Nürburgring, akaingiza kamera mahali pa miguu ya dereva. Ndani kulikuwa na pedeli ya ziada. Ilishika breki ya gurudumu moja la nyuma, kuivuta pua iingie konani. Ni kazi ile ile ya ESP, ila kwa mguu wa dereva, na kwa lengo la kupata kasi badala ya kuokoka. Ferrari walilalamika, na mapema mwaka 1998 ikapigwa marufuku. McLaren hawakulisahau wazo hilo: gari lao la barabarani la mwaka 2011, MP4-12C, lilirudisha ujanja huo, safari hii ukiongozwa na kompyuta.

Hapo mambo yalikuwa yameshageuka. Ferrari F430 ya mwaka 2004 iliweka kwenye usukani swichi iitwayo manettino, ya kuchagua kiasi gani kompyuta iingilie. 458 Speciale ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi: ilimruhusu dereva atupe mkia kidogo, huku kompyuta ikishikilia pembe isizidi. Mtu wa kawaida anatoka konani akijiona Mansell. Tunakiri inachekesha. Lakini bila mifumo hii hakuna kampuni ambayo ingethubutu kumuuzia mtu wa kawaida gari la nguvu farasi 600 na kumwambia alipeleke sokoni siku ya mvua.

Kuzima nako kuna sababu zake za haki. Wenzetu wa Oman wanajua: kwenye mchanga wa Sharqiya, kompyuta ikipunguza nguvu kila gurudumu linapozunguka bure, gari linazama. Kwenye theluji nzito ni vivyo hivyo. Ndiyo maana sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2007, iliyolazimisha magari yote madogo mapya kuwa na mfumo huu kufikia Septemba 2011, haikukataza kitufe. Ulaya ilifuata, na kufikia Novemba 2014 kila gari jipya lilipaswa kuwa nao. Hata Dodge Viper, ambayo mwaka 1992 ilianza na nguvu farasi 400 bila ABS wala vishikizo vya nje vya milango, ilirudi sokoni kama toleo la 2013 ikiwa na udhibiti huo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sheria haikuacha nafasi.

Sheria hiyo ina sharti moja dogo. Dereva anaweza kuuzima mfumo, lakini injini ikizimwa na kuwashwa tena, mfumo lazima urudi wenyewe. Anayetaka kuuzima kesho asubuhi itambidi akibonyeze kitufe upya.