Journey (mchezo wa video)

Journey ni mchezo wa kampuni ya Marekani thatgamecompany, uliotolewa Machi 2012 kwa PlayStation 3. Huchukua takriban saa 2. Mchezaji, msafiri mwenye joho na skafu, huvuka jangwa kuelekea mlima unaong'aa kileleni. Njiani hukutanishwa kupitia intaneti na msafiri asiyemjua: hakuna jina, maneno wala maandishi, ila mlio wa kuitana tu. Wakigusana, skafu zao hujaa nguvu ya kuruka; ndiyo maana wageni hawa huishia kutembea bega kwa bega, jambo adimu na zuri mno. Majina huonyeshwa mwishoni. Muziki wake, wa Austin Wintory, uliteuliwa kuwania Grammy, tuzo ambayo wimbo wa Kiswahili “Baba Yetu”, wa mchezo Civilization IV, uliipata mwaka 2011.